Antena Juu ya Kichwa cha Shangazi

Ofisi ya Bandari,
'Ohonua, 'Eua,
Tonga.
Jumatatu, 11 Agosti 2003

Mpendwa kaka Lisiate,

Kabla hujaendelea, tafadhali nenda ukae mahali ambapo hakuna mtu nyuma ya bega lako. Kila neno lililomo humu libaki kwako. Usimsomee shemeji hata kipande. Usiwadokezee watu wa kanisa lenu huko ng'ambo Mangere, maana linalosemwa Mangere baada ya ibada, huku tunakuwa nalo kabla boti ya Jumatatu haijatia nanga. Ukimaliza kusoma, ichome barua hii. Nakuomba kama mdogo wako, na sijawahi kukuomba jambo kubwa.

Shikamoo kaka. Mgongo wako umepona? Baba alisema bado wanakupa zamu ya kubeba maboksi, nikasikitika. Na mtoto ameanza kusimama, au bado anatambaa kinyumenyume? Sisi huku baridi ya mwaka huu imetukalia vibaya, upepo wa kusini mashariki haujapumzika tangu Julai na viazi vikuu vimechelewa. Baba na mama wanatembea na wanakula. Mimi ukiniona utasema ni mzima. Usingizi tu ndio sina, na nimechoka mwili wote kama mtu aliyetoka kupasua kuni.

Baba alikupigia simu Jumatano kukwambia kwamba mama yako, shangazi yangu Vaimoana, amepotewa na sauti na upande wake wa kulia umelala. Alichokwambia ni kweli. Hakukwambia yote kwa sababu yote hayajui. Ninayeyajua ni mimi, na mama yako ambaye hawezi kusema.

Jambo lenyewe lilianza na ile televisheni uliyotutumia kwenye kontena. Ilifika salama. Tuliiweka chumbani kwa mama yako kwa kuwa hatoki kitandani tangu alipoanguka na kuumia nyonga. Alikuwa na hamu moja tu mwaka huu, kuiona kwaya yake ikiimba kwenye mkutano mkuu wa kanisa kule Nuku'alofa. Wewe unajua ameiongoza sauti ya pili miaka mingapi. Lakini kwa zile pembe mbili za juu ya televisheni tulipata chenga tupu na sauti ya kukaanga. Ikabidi itafutwe antena ya juu ya paa.

Baba alinituma mjini nikachague, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma. Dukani kulikuwa na antena za ukubwa wa aina tatu. Muuzaji aliniuliza tunaishi wapi, akasema kwa 'Eua ile ya kati inatosha kabisa, mradi nguzo iwe ndefu ipite miti. Nilirudi na ushauri huo, nikautoa mbele ya wanaume walipokaa kunywa kava. Baba mdogo Salesi akaweka kikombe chini.

"Ya kati," akasema. "Unataka kumpa shangazi yako kitu cha kati."

"Ndiyo inayofaa, baba mdogo. Muuzaji amesema."

"Muuzaji hana shangazi?"

Wote wakacheka. Kweli katika nyumba yetu hakijawahi kuingia cha kati kwa ajili ya mama yako. Mkeka wake ndio mkubwa, kiazi chake ndicho kikubwa, hata baba mwenyewe akiwa na nguruwe wawili anajua yupi wa dada yake. Ikanunuliwa antena kubwa kuliko zote, yenye vijiti vingi kama mgongo wa samaki wa kufanyiwa karamu. Ilipokuja zamu ya nguzo, mtu mmoja akakumbusha kwamba nguzo ndefu itaipita antena ya mchungaji aliye mkabala wetu. Hakuna aliyebishana. Baba alisema tu, "Tusijionyeshe," na nguzo ikakatwa. Hivyo tukapata antena kubwa kuliko zote kijijini juu ya nguzo fupi kuliko zote. Niliona kosa, kaka. Lakini karani mdogo kama mimi hamrekebishi baba yake mdogo mbele ya bakuli la kava.

Siku ya kuifunga, wanawake walimbeba mama yako kwa mkeka hadi barazani kwa jirani yetu Toakase, ili mtu asipande juu ya kichwa chake, maana huo ni mwiko. Ni umbali wa kutupa jiwe tu, lakini alipofika alikuwa ameuma mdomo hadi umevimba. Salesi akapanda. Akaifunga nguzo kwenye kenchi pale penye mbao nzima, akaielekeza antena kule boti inakoelekea ikitoka bandarini. Akasema boti inakwenda Nuku'alofa, kwa hiyo Nuku'alofa iko huko. Boti, kama unavyojua, hutoka kwanza ikikwepa mwamba ndipo igeuke.

Kuitafuta picha ilikuwa kazi ya kuchekesha kama si uchovu. Baba kwa mila hawezi kuingia chumba cha dada yake, kwa hiyo alikuwa amekaa mbali kabisa, penye nguruwe, akijifanya hana habari. Aliyekuwa mbele ya televisheni ni dada yangu Fane, na kaka na dada kama sisi hatupigiani kelele. Basi Fane alimwambia mama dirishani, mama akaniambia mimi uani, mimi nikamwambia Salesi juu.

"Inakuja," akasema Fane.

"Inakuja, baba mdogo."

"Inakuja au imekuja?"

Swali likashuka hadi chumbani, jibu likapanda. "Ilikuwa inakuja. Sasa imeondoka."

"Mwambieni anayeiona aishike mkono," akasema Salesi, "mimi jua linanimaliza."

Mpaka jibu lifike, alikuwa ameshageuza mahali pengine. Jioni ikakaribia, na kesho yake Jumapili, hakuna kushika spana. Akakaza nati, akashuka, akasema picha zitajitengeneza zikizoea. Mama yako akarudishwa kitandani, akaitazama televisheni kwa muda. Mama akamuuliza kama anaona.

"Nawasikia," akasema. "Lakini wanaimba ndani ya gunia la mchele."

Hakuna aliyethubutu kusema atolewe tena. Nyonga ilikuwa imevimba, na alimwambia mama kwamba safari yake nyingine nje ya chumba kile atasafiri na wabeba jeneza.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa siku ya mwisho ya kwaya. Wengine wote wa nyumbani walikwenda Houma kwenye mazishi ya mzee mmoja wa upande wa mama. Mimi niliachwa barazani niwe karibu, na Fane alikuwa ametoka kukata majani ya jimbi kwa tanuri. Mama yako akaniita. Nikaja nikakaa kizingitini.

"Penisimani."

"Naam, shangazi."

"Spana ya Salesi iko wapi?"

"Iko kwenye ndoo, chini ya ngazi."

"Na wewe uko wapi?"

"Niko hapa mlangoni."

"Basi ninyi wawili hamjakutana."

Nilielewa, kaka. Nikamwambia, "Shangazi, wewe uko ndani."

"Najua nilipo."

"Kichwa chako, shangazi."

"Kichwa ni changu, hukuniazima."

Nikamwomba anisubiri nimwite Toakase na wanawake wengine wamtoe kwanza. Akasema wakimtoa leo watamrudisha ndani ya sanduku. Kisha akaniuliza, kwenye ramani ya ofisini kwetu Nuku'alofa iko wapi. Nikamwonyesha kwa mkono, kaskazini magharibi, juu kidogo ya mshelisheli wa Toakase.

"Na Salesi ameielekeza wapi?"

"Kwenye njia ya boti, mle mwambani."

"Kumbe wiki nzima tunatazama samaki," akasema. Kisha akaacha mzaha. "Mwanangu, wanaimba saa hizi. Mwakani sitakuwepo. Mimi ndiye mwenye mwiko huu, na mimi nakwambia panda."

Sijui mtu mwingine angefanya nini. Mimi nilivua mkeka wangu wa kiunoni, vazi la heshima, nikaukunja, nikapanda. Nilijaribu kutambaa pembeni mwa paa nisipite juu yake, lakini Salesi aliifunga nguzo juu ya kitanda hasa. Hapakuwa na njia ya kuzunguka. Nililala kifudifudi juu ya mabati, nikajua kwamba chini ya tumbo langu kuna bati, kuna dari, na kuna kichwa cha dada wa baba yangu. Nikalegeza nati. Sauti yake ilinifikia kupitia dari kama mtu anayezungumza ndani ya mtungi.

"Kidogo tena. Umepita. Rudi. Hapo. Usipumue."

Nikakaa hivyo.

"Naiona," akasema. "Naiona yote. Kumbe wamemweka Kalolaine mahali pangu. Amenenepa. Tazama anavyofungua kinywa, na sauti haitoki."

Nilikaza nati huku nikimsikia anaimba nao. Aliimba sauti ya pili, kaka, taratibu, mpaka mwisho. Nilikuwa bado juu ya paa. Sikutaka kushuka kwa kuwa nilihofia kelele ya mabati itamkatiza.

Niliposhuka aliniita tena. Akasema kilichopita juu yake kimepita kwa ruhusa yake, hakuna deni. Ila nisimwambie baba. "Baba yako atachinja nguruwe kuniomba radhi," akasema, "na nguruwe wenyewe mkubwa amebaki mmoja." Nikamwahidi. Fane aliporudi, alikuta picha safi na mama yako anacheka peke yake. Akadhani hewa imebadilika.

Jumanne alfajiri mama alipompelekea chai, mdomo wake ulikuwa umekwenda upande.

Nesi alikuja. Alisema ni shinikizo la damu, na kwamba lilikuwa likimnyemelea siku nyingi. Mimi nimesoma na ninamwamini nesi. Lakini tangu siku ile koo langu limebana. Nikimeza muhogo unasimama katikati kama mwiba, na wewe unajua wazee wanasema mwenye koo la namna hiyo amemkosea shangazi yake. Najiambia ni hofu. Kisha nameza tena, unasimama tena.

Nyumba haikuridhika na maneno ya nesi. Watu waliokuja kumwona walianza kuuliza nani amefanya nini. Ijumaa baba alikuwa amesimama uani na Salesi, akainua macho.

"Antena hii imegeuka," akasema baba.

"Upepo," akasema mama kutoka jikoni, upesi mno.

Salesi akapanda kidato kimoja cha ngazi, akachungulia, akashuka. "Upepo unageuza," akasema. "Haukazi nati."

Nilikuwa nimeshika ndoo. Baba hakunitazama, hakumtazama mtu. Alisema kwa sauti ya chini, ile unayoijua, kwamba akimpata aliyepita juu ya kichwa cha dada yake akiwa amelala ndani, mtu huyo hatalala tena katika nyumba hii, hata awe amezaliwa humo. Na hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma tangazo, na hilo ndilo linaloniogopesha. Mama jioni yake aliifua suruali yangu ya kazi bila kuombwa, ile yenye rangi nyekundu ya bati magotini. Hakuniuliza kitu. Aliianika nyuma ya nyumba ya Toakase.

Baba mkubwa Fetu'u anakuja kutoka Vava'u, na Jumamosi ya tarehe 23 ukoo utakaa. Wameshasema mambo mawili: antena ishushwe, na aliyeigeuza ajulikane. Wakiishusha itabidi mama yako abebwe nje tena, na nesi amekataza asiguswe. Wakimtafuta aliyeigeuza hawatachukua muda, maana siku ile nyumbani tulibaki mimi na Fane tu, na Fane hapandi paa, na Salesi anajua kuhesabu watu waliokuwa mazishini.

Nimefikiri kusema mwenyewe. Kila jioni nakaa karibu na baba, nafungua mdomo, natoka na habari za mizigo ya bandarini. Nikisema kwamba mama yako ndiye aliyenituma, nani ataamini? Itaonekana namsingizia mgonjwa asiye na ulimi ili nijiokoe, na hilo ni baya kuliko paa.

Utaniuliza kwa nini mtu asimuulize yeye mwenyewe. Anasikia, kaka. Anaelewa kila kitu. Mama akimuuliza kama anataka maji, anambana vidole kwa mkono wa kushoto, naye anajua ni ndiyo. Lakini hilo ni swali la maji. Baba haingii chumbani humo. Sisi wengine wote tuko chini yake, na hakuna hata mmoja wetu awezaye kusimama mbele ya shangazi akamtaka ajieleze. Katika dunia nzima mwenye haki ya kumuuliza ni wewe mwanawe peke yako. Na wewe ukisema neno kwa baba, baba hukaa chini akasikiliza, maana kwake una cheo cha mama yako.

Ninajua nimevunja ahadi kwa kukuandikia. Alinikataza kumwambia baba, hakukutaja wewe. Nimejishikiza hapo, ingawa najua ni pembamba.

Ninachokuomba ni hiki. Piga simu nyumbani asubuhi ya siku yoyote ya kazi, baba akiwa shambani. Mama ndiye atakayepokea. Mwambie unataka kusali na mama yako, akuwekee simu sikioni mwake na amshike mkono wa kushoto. Waya wa simu unafika mpaka kitandani, nimeupima. Mama hatasikia unachosema, atakwambia tu kama amebanwa vidole. Sali naye kwanza, tafadhali, usiende moja kwa moja. Kisha muulize, ni wewe uliyempeleka Penisimani juu ya paa? Muulize mara moja, kama anavyoulizwa mkubwa. Asipobana usirudie. Huenda amelala, huenda ameudhika nami kwa kuufungua mdomo wangu, na zote mbili ni haki yake. Akibana, mpigie baba jioni umwambie kama mtoto wa dada yake kwamba umeisikia kwa mama yako, na antena ibaki ilipo. Kila jioni wakati wa nyimbo anageuza macho kwenye kioo. Fane alipoizima juzi ili apumzike, alifumba macho akakataa uji.

Nisalimie shemeji Pauline na umbusu mtoto miguuni. Msalimie mjomba 'Isikeli hapo Otara, mwambie mkeka wa arusi ya binti yake mama amefikia nusu, vidole vinamuuma. Msalimie na bibi Seini, kama bado anakumbuka mimi ni nani. Mungu aliyewavusha mkafika huko awashike msiteleze, na ile nyumba mnayoitafuta muipate kabla ya baridi nyingine.

Barua hii anakuletea mwalimu Kalisi, anayekuja kumwona binti yake. Hajui kilichomo. Usinijibu kwa posta, kwa sababu mke wa Salesi ndiye anayepanga barua pale. Usinitafute kwa simu ya nyumbani. Piga hapa ofisini, namba ni ileile ya zamani, kati ya boti kuondoka na mkuu wangu kurudi kutoka kwenye chai. Wakati huo nabaki peke yangu. Akipokea mwingine, sema unaulizia kontena ukate. Nikipokea mimi, niambie kontena limepokelewa, nami nitajua amebana. Ukisema limekwama, usieleze zaidi na usinionee huruma kwenye simu, nitashindwa kufanya kazi. Jioni hiyo hiyo nitakwenda kwa baba penye nguruwe, nimwambie mwenyewe kabla ukoo haujakaa. Baada ya hapo nipigie shuleni kwa mwalimu Kalisi, amesema chumba cha stoo kiko wazi. Nguo zangu nimeshazifunga, na nimemwachia Fane ile redio.

Ni mimi mdogo wako, nisiye na mwingine wa kumwambia,

Penisimani